Uzi wa Kiuno

6 Februari

Kaka yangu,

Pokea salamu zangu, na nyingine umfikishie shemeji kabla hujakaa kula, maana ukishakaa husimami tena. Sisi huku tunaendelea. Binti yetu amefaulu hesabu, sasa ananisahihisha hata ninapokata kitambaa. Mama yake amebadilishiwa zamu kazini, anatoka alfajiri na kurudi mchana, kwa hiyo asubuhi tunabaki mimi na cherehani yangu dirishani, ghorofa ya tatu, pale pale unapopajua.

Utashangaa kupata barua. Kwenye simu tumezoea kuulizana hali mpaka salio linakwisha, na likibaki kidogo la kusemea jambo lenyewe, wewe unatia mzaha na kukata. Barua huwezi kuikata. Tena naiandika nikiwa hospitali, siku yangu ya mashine. Unakalishwa kwenye kiti, damu inatoka kwa mpira mmoja, inasafishwa, inarudi kwa mwingine, na mkono mmoja unabaki huru hauna kazi. Wenzangu wanalala. Mimi nimeona nikuandikie.

Jambo lenyewe ni lile ulilolisema ulipokuja mara ya mwisho. Ulipanda mpaka ghorofa ya pili ukashindwa kuendelea, ukakaa kwenye ngazi unahema, tukakuletea chai hapo hapo kama mgonjwa ni wewe. Ukaniambia, mdogo wangu, mimi nina figo mbili, moja chukua. Ulilisema kama unavyomwongezea mteja kipande cha nyama, lakini nilikutazama machoni nikajua hutanii. Siku ile sikukujibu.

Nimemuuliza daktari. Amesema mtu mwenye uzito kama wako na presha kama yako hawamlazi kwenye meza ya upasuaji, hata aje ameongozana na waziri. Kwanza apungue. Apungue kwa chakula na mazoezi, taratibu, wala si kwa zile dawa zinazouzwa barabarani. Hayo ndiyo maneno yake, nami nakufikishia.

Kwa hiyo nakuomba, kaka. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa tangu tulipomzika baba. Pungua.

Na sitaki uniandikie kilo. Kilo umeishi nazo kwenye mizani maisha yako yote, unajua kuzipandisha na kuzishusha kwa kidole. Ndani ya bahasha nimekuwekea kibunda cha uzi mweupe, ule mnene. Kila ukipata nafasi ya kuandika, uzungushe kiunoni, ukate panapokutana, unitumie. Mimi ni fundi. Uzi nitauelewa.

Mdogo wako

27 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Bahasha yako ilifika kwa basi. Kondakta aliileta mpaka buchani, akasimama anatazama maini kama mtu anayedai. Nimempa mapafu, akaondoka amenuna. Shemeji yako anakusalimu sana, anasema mkeo asijichoshe na hizo zamu. Watoto wazima. Paka wa bucha amezaa tena kwenye kabati la mifuko na hakuna anayethubutu kumhamisha.

Umeniambia nipungue. Sawa. Lakini usidhani ni jambo la kutamka tu. Mtu wa ofisi akitaka kuacha nyama anapita njia nyingine akirudi nyumbani. Mimi nyama ndiyo njia yenyewe. Asubuhi naipokea, mchana naikata, na vile vipande vya pembeni ambavyo mteja hataki kuviona kwenye mizani vinakwenda kwenye jiko la nyuma. Nani wa kuvila kama si mimi? Ni kazi. Baba naye alivila.

Hata hivyo nimeanza. Soda nimeacha, na nimeanza kutembea asubuhi kabla ya kufungua. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliponiona napita mara ya kwanza aliniuliza ni nani ananifukuza. Nikamwambia ni wewe.

Nikueleze kitu kimoja ambacho sijamwambia mtu. Tangu nisome barua yako, kila nikitoa figo kwenye mzoga naishika kidogo kabla ya kuiweka kwenye sinia. Ni kitu kidogo sana. Miaka yote hii nimeiuza kama nyongeza, mtu akinunua kilo nzuri namtupia moja juu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukikosa kitu kidogo namna ile akafungwa kwenye kiti. Sasa siitupi tena, naiweka. Wateja wanaona nimekuwa mpole.

Uzi huo hapo. Utaona mwenyewe kwamba mnanisema bure. Suruali yangu ni saizi ile ile niliyovaa siku ya harusi.

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Salamu kwa wote, na kwa paka pia. Huku ni salama. Binti ameanza kujifunza kushona vifungo, anajichoma sindano na kusingizia cherehani.

Uzi nimeupata. Nimeunyoosha kwenye meza ya kukatia, nikacheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Kaka, huo ni uzi wa chini ya tumbo. Wanaume wenye vitambi wote wananijia na hadithi hiyo hiyo. Mtu anafunga suruali chini ya kitambi, karibu na mapaja, halafu anajisifu kwamba kiuno chake hakijabadilika tangu ujana. Nawashonea, nachukua pesa yangu, sisemi kitu. Wewe nakuambia. Pima kitovuni, umesimama wima, umeachia pumzi. Na uzi aushike shemeji, si wewe.

Hilo jiko la nyuma lizime. Usiniambie ni kazi. Baba naye alivila, ndiyo, na tunajua alivyoondoka.

Kuna jambo lingine. Juzi nilikuwa namkumbuka ndugu yetu wa katikati. Alikaa kitandani asubuhi, akainama kufunga kamba za viatu aende kazini, na hapo hapo akalala mbele asiinuke tena, mkewe akadhani anatafuta kitu uvunguni. Wewe tangu mwaka ule hujavaa viatu vya kamba. Ni ndala, au vile vya kusukumiza mguu tu. Tulipokuuliza ulisema miguu inavimba, sikukubishia. Nataka siku moja uniandikie kwamba umenunua viatu vya kamba na umevifunga mwenyewe.

Hali yangu? Naendelea.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Usinihesabie kimya changu. Nilikuwa na haya.

Salamu kwanza. Watoto wazima, mkubwa ameanza kunyoa ndevu ambazo hazipo. Shemeji yako mzima, na ndiye sababu ya haya yenyewe. Nilimpa uzi kama ulivyosema. Nikasimama kitovu wazi, nikaachia pumzi. Akauzungusha, akafika nyuma, uzi aliokuwa ameukata haukutosha kurudi mbele. Ikabidi akate mwingine mrefu zaidi. Hakucheka. Angecheka ningemsamehe. Alimaliza, akaukunja, akaniwekea mkononi, akaenda jikoni. Nilikaa na ule uzi siku nyingi kwenye mfuko wa koti nikiogopa kukutumia. Leo nimejikaza kisabuni. Ndio huo, ni wa kweli.

Sasa nyumbani kuna utawala mpya. Sahani yangu imebadilishwa, nakula kwenye sahani ya mtoto wa mwisho, yenye picha ya bata chini. Nusu yake ni mboga. Bata simwoni mpaka nimalize mboga. Sukari kwenye chai imepigwa marufuku. Jiko la nyuma nimempa kinyozi akaliweke nyumbani kwake, nikamwambia hata nikimlilia asinirudishie.

Kinyozi mwenyewe ndiye mwenzangu. Ameniambia kitambi chake kinamzuia kumfikia mteja vizuri. Tunakwenda uwanja wa shule alfajiri, tunatembea kuuzunguka, na tukipata moyo tunakimbia kidogo. Siku ya kwanza nilikimbia kutoka goli moja nikaishia katikati, nikainama mikono magotini. Kifua kilikuwa kinanipiga mpaka masikioni. Nilimfikiria baba. Kinyozi akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia natafuta sarafu niliyoangusha.

Kinachoniuma si miguu. Ni kuona wanaume wa rika langu wananipita wakizungumza, wana pumzi ya kukimbilia na pumzi ya kupigia soga. Najiuliza mimi niliiacha wapi ile yangu.

Lakini nakimbia. Nikichoka nafikiria ile mipira miwili ya damu uliyoniandikia, naongeza hatua.

Sasa nijibu na wewe. "Naendelea" si jibu, hilo nami huwajibu wanaotaka kukopa. Unakula? Unalala? Na upasuaji ni lini? Mtu anayejiandaa na safari lazima ajue siku ya basi.

Kaka yako

14 Juni

Kaka,

Salamu. Leo nitakuwa mfupi, na nitakuwa mkali, unisamehe mbele ya shemeji.

Shemeji amempigia mke wangu. Amesema ulianguka buchani, na ulikuwa umeshika panga. Amesema ulikuwa siku kadhaa unakunywa maji na kula tango tu, ili uzi wa mwezi huu uwe mfupi. Uzi nimeupata ni kweli, ni mfupi, na nimeutupa.

Nilikuandikia taratibu. Hilo neno ulilisoma au ulilipita? Mwili ukinyimwa chakula unaanza kula nyama yake wenyewe, na wewe mtu wa nyama hilo ungelijua kabla ya watu wote. Hujaona ng'ombe wa kiangazi? Mbavu nje, na nyama yake ngumu kama soli. Sitaki kaka wa namna hiyo. Kula mayai, kula maharage, kula samaki, kula mboga mpaka bata aonekane. Kula, halafu tembea. Na lile panga msaidizi wako alishike mpaka upate nguvu.

Umeuliza hali yangu, nami nikikuficha mke wangu atakwambia, kwa hiyo bora uisikie kwangu. Nami napungua. Wewe kwa jasho, mimi bila kutaka. Suruali zangu nimezipunguza kila upande, sasa mifuko ya nyuma inakaribia kupeana mikono. Maji napimiwa kwa kikombe. Ngazi siziwezi tena. Siku za mashine majirani hunishusha wamenibeba kwenye kiti cha mbao, mmoja mbele na mmoja nyuma, na nikirudi hunipandisha. Ni watu wema na hawalalamiki. Mmoja wao mgongo unamuuma, namwona anavyojishika tukifika juu, na mimi natazama ukutani. Hilo linaniuma kuliko sindano.

Tarehe wanapanga wao. Wewe panga miguu yako.

Mdogo wako

3 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu nyingi mno leo, na za moyo mkunjufu. Shemeji yako ananicheka naandika huku natabasamu. Watoto wazima. Binti yetu mwambie nimepata barua yake aliyoichomeka kwenye ile ya Julai, na kifungo alichonishonea kwenye karatasi nimekitundika buchani, wateja wanakiuliza.

Uzi huo ni wa kwanza ninaoutuma bila haya. Nimekula, sijajinyima. Umeshikwa na shemeji yako kitovuni, nimeachia pumzi, na yeye safari hii alicheka, akauzungusha mara nyingine kuhakikisha. Muuguzi wa zahanati amenipima presha, akatikisa kipimo akidhani kimeharibika, akanipima tena. Imeshuka. Imeshuka na imetulia wiki hadi wiki.

Uwanjani sasa nauzunguka wote nikikimbia, si kwa mwendo wa kumtisha mtu, lakini sisimami. Kinyozi amebaki nyuma, anasema namkimbia nisimlipe. Miguu yangu imekuwa na nyama ngumu hapa nyuma, kama mtu wa kazi ya kupanda minazi. Magunia ya mkaa ambayo nilikuwa nasubiri msaidizi aje, nabeba mwenyewe.

Na nimenunua viatu vya kamba. Vya kahawia. Nilikaa kitandani, nikainama, nikafunga cha kulia, nikafunga cha kushoto, nikainuka. Halafu nikakaa tena nikamlilia ndugu yetu. Sikuwa nimemlilia vizuri siku zile, nilikuwa nashughulika na watu, na turubai, na chakula cha wageni. Nilimlilia sasa, na viatu miguuni.

Niko tayari. Ile figo naitunza kama mgeni anayekaribia kufunga safari. Nainywesha maji, siipi chumvi, nailaza mapema. Niambie siku.

Kaka yako

20 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu ziwafikie mkeo na binti. Huku wote wazima. Nimesalimia kwa sababu mama alitulea hivyo, kwamba hata mwenye hasira husalimia kwanza. Sasa nimekwisha kusalimia.

Barua yangu hukuijibu. Nilingoja, nikachoka kungoja, wiki iliyopita nikapanda basi. Sikumwambia mtu ila shemeji yako, nilitaka kukushtua kwa furaha. Nikapitia hospitali kwanza, ili nikija kwako nije na tarehe mkononi. Nilichomekea shati, kitu ambacho sijafanya kwa miaka. Nikamwambia daktari wako kwamba mimi ni kaka yake fundi, nimeshapungua, nimekuja kwa ajili ya figo.

Akaniuliza ni nani aliyeniambia kuna upasuaji. Nikasema ni mgonjwa mwenyewe. Akavua miwani, akasema mengine nikuulize wewe, ila yeye hajapanga upasuaji wowote wala hatapanga. Niling'ang'ania. Nilimwambia sitoki pale. Mwisho akasema moyo wako hauwezi kustahimili dawa ya usingizi, na kwamba hilo unalijua tangu mwaka jana.

Tangu mwaka jana. Kabla ya barua yako ya kwanza.

Nilikuja kwako. Nilipanda ngazi zote, ghorofa ya pili nikaipita bila kusimama. Nikafika mlangoni, nikasikia cherehani inakwenda ndani. Ilikwenda kidogo, ikasimama, ukakohoa, ikaenda tena. Niliinua mkono nigonge. Sikugonga. Nilishuka nikarudi kituoni nikapanda basi la kwanza.

Njia nzima nilikuwa nakufikiria. Miezi yote hii nimekimbia nikidhani kila hatua inakusogezea uzima. Nimelala na njaa kwa ajili yako, nimeanguka kwa ajili yako, nimechekwa na mtaa mzima nikasema wacheke, ndugu yangu atapona. Umenifanya mtoto. Uliandika kwamba tarehe wanapanga wao. Wao kina nani?

Niliporudi nilikwenda kwa kinyozi nikachukua jiko langu. Nikachoma mbavu, nyingi, nikakaa nyuma ya bucha nikaanza kula. Shemeji yako alisimama mlangoni akinitazama.

Sitatuma uzi tena.

Kaka yako

5 Novemba

Kaka,

Binti anakuamkia. Mama yake anakusalimu, naye usimkasirikie, yeye alinikataza tangu mwanzo. Hati mbaya uisamehe, nimelala na daftari la mtoto limeegemea goti.

Ulikuwa mlangoni. Hapo nimeparudia kusoma kuliko pengine pote. Umepanda ngazi zote na mimi sikukuona ukiingia.

Uliyoambiwa ni kweli. Nilikuwa nimeshajua kabla hujaja, kabla ya ile chai ya kwenye ngazi. Ulipoitaja figo nilifungua mdomo nikuambie usijisumbue. Lakini nilikuwa nakutazama unavyohema. Midomo yako ilikuwa na rangi ile ya midomo ya baba, siku tulipomkuta ameinamia gogo lake la kukatia nyama. Mwakani unafika umri wake. Nimekusihi upungue miaka na miaka ukanijibu kwa mzaha. Shemeji alikulilia ukamjibu kwa mzaha. Nikajua kwa ajili yako mwenyewe hutaacha hata kijiko cha sukari, ila kwa ajili yangu unaweza kuacha sahani nzima. Nikalitumia hilo.

Ule uzi wako wa Aprili, ule wa kweli, niliulaza juu ya suruali ya baba. Ninayo, ile ya mwisho niliyomshonea. Ulilingana nayo. Niliurudia mara kadhaa nikitumaini nimekosea, nao ukalingana. Ndiyo maana barua yangu ya Juni ilikuwa kali vile.

Ile habari ya tarehe ilikuwa uongo. Mengine nilinyamaza, na najua kunyamaza kwangu kulikuwa uongo pia. Barua yako ya Septemba sikuijibu kwa sababu ulikuwa tayari na mimi sikuwa na pa kukupeleka. Niliogopa. Naogopa mambo mengi siku hizi, kaka. Naogopa kile kiti kikiyumba kwenye kona ya ngazi. Naogopa kulala. Lakini ninaloliogopa kuliko yote ni binti. Mimi nikiondoka, atabaki na wewe. Sikutaka apoteze baba, halafu kabla hajafuta machozi apoteze na baba mkubwa, kwa ajili ya vipande vya pembeni. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu tangu barua ya kwanza, na sikuweza kuliandika kwa sababu ukiliandika unakuwa umekubali.

Unichukie ukitaka. Nilikuwa nimejiandaa unichukie, mradi uwe hai.

Cherehani uliyoisikia ilikuwa inashona suruali yako. Nimeikata kwa uzi wa Septemba. Imenichukua wiki nyingi kwa sababu mguu unachoka kukanyaga. Kama umerudi kwenye mbavu haitakuingia, na mimi sitaipanua.

Mdogo wako

28 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa shemeji, na kwa binti yetu. Huku wote wazima. Paka amehama kabatini kwa hiari yake.

Barua yako niliisomea buchani, wateja wamesimama. Nikafika katikati, nikawaomba radhi, nikafunga milango. Nililia nimekaa kwenye kigoda cha baba, na msaidizi wangu akajifanya ananoa visu ambavyo vilikuwa vimeshanolewa.

Zile mbavu zilinishinda. Nilikula kidogo, zikakataa kupita. Hata hivyo nilikaa bila kutembea siku nyingi, kukukomoa wewe. Kinyozi alikuja kila alfajiri akasimama mlangoni kwangu. Aliinama tu, anafungua kamba za viatu vyake na kuzifunga tena, taratibu, mpaka nichoke kumtazama nirudi ndani. Siku ya pili baada ya barua yako nilitoka nikaenda naye. Jiko amelichukua tena.

Sijakusamehe yote. Tuna ugomvi wetu, mkubwa, na nataka tuumalize ana kwa ana. Ulinidanganya kwa jambo ambalo mtu hadanganywi. Na nikiamka asubuhi nikavuta pumzi ikaingia mpaka chini, najua ni nani aliyenipa. Yote mawili ninayo, na sijui la kuyafanya.

Nimezungumza na shemeji yako. Bucha atabaki nayo yeye na msaidizi. Nakuja Jumamosi, na tiketi ya kurudi sijakata. Majirani zako wape shukrani zangu, yule wa mgongo apumzike, na kile kiti cha mbao kirudi mezani watu wakikalie. Siku za mashine nitakubeba mimi, mgongoni, kushuka na kupanda. Usianze kubisha. Nimeshajaribu. Jengo la zahanati lina ngazi ndefu kwa nje, nimempandisha kinyozi mgongoni mpaka juu na kumshusha, mbele ya wagonjwa, watu wamecheka mpaka wakasahau foleni. Na kinyozi sasa ni mzito kuliko wewe.

Figo yangu uliikataa bila kuniuliza. Mgongo huu huna ruhusa ya kuukataa.

Binti mwambie baba mkubwa anakuja kukaa, na asubuhi kabla ya shule tutakuwa tunatembea mimi na yeye, anifundishe mitaa yenu. Mwambie sitachoka njiani.

Uzi usiutafute kwenye bahasha, sijauweka. Andaa ile suruali, na utepe wako wa kupimia uwe karibu na kitanda. Nitasimama hapo dirishani, nitaachia pumzi, na wewe utanipima kwa mkono wako mwenyewe.

Kaka yako